Hesabu mizani, fuata vina, sikiliza takriri

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili shairi lina nini, naye atakujibu haraka kama kasuku: "Lina beti, mishororo, vina na mizani." Muulize tena, "Na vina hivyo vinafanya kazi gani?" Hapo atakuna kichwa. Ukimgeukia mzazi wake aliyeketi kando akisoma gazeti, huenda naye akainamisha macho na kujifanya hakusikia.

Hilo ndilo tatizo. Tumefundishwa kuhesabu bila kuambiwa tunahesabu nini. Mtahiniwa anaandika kwamba kila mshororo una mizani minane, anapewa alama yake moja, kisha anaporomoka anapoulizwa shairi linasema nini na linalisemaje. Mwishowe anauchukia ushairi na kusema ni mambo ya wazee wa pwani. Anapomaliza shule huwa ameupa kisogo urithi ambao umedumu kwa karne kadhaa.

Leo basi tukae kitako, wewe pamoja na wanao, tuchukue shairi moja la kisa tulichambue kuanzia nje hadi ndani. Chukua kalamu na karatasi. Utazihitaji.

UTENZI NI NINI?

Watu wengi duniani wana mashairi ya kusimulia visa. Waingereza na Waskoti wana zile nyimbo zao ziitwazo baladi, zinazosimulia habari za mabaharia waliozama, wapenzi waliosalitiana na mama waliofiwa na wana. Msomi wa Kimarekani, Francis James Child, alizikusanya 305 na kuzichapisha kati ya 1882 na 1898. Nyingi zilikuwa zimepita mdomo kwa mdomo kwa miaka mingi kabla hajaziandika.

Waswahili wana utenzi, au utendi kama wasemavyo watu wa Lamu na Pate. Katika tenzi kongwe ambazo tarehe zake zinajulikana umo Utendi wa Tambuka, ambao Mwengo wa Athumani aliutunga huko Pate mwaka wa 1728. Baadaye, mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha unaosomwa hadi leo. Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu ni wa mwaka wa 1913. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vina utenzi wake, na Shaaban Robert naye aliisimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa utenzi mrefu.

Utagundua kwamba watunzi hao wote, licha ya kutofautiana kwa wakati na mahali, walitumia kipimo kile kile. Kila ubeti una mishororo minne mifupi. Kila mshororo, aghalabu, una mizani minane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na ule wa nne una kina chake cha pekee kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Kina hicho cha mwisho wengine hukiita bahari, kwani maji yote huishia humo.

KISA CHA HAMISI

Beti zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya somo letu la leo. Zisome kwa sauti, tena polepole. Shairi lisomwalo kimyakimya ni kama chakula kinachotazamwa tu.

Aliondoka Hamisi
asubuhi kwa wepesi
akapanda lile basi
linalokwenda mjini.

Mama hakusema neno
alimshika mkono
usiku, kama agano,
taa iko mlangoni.

Mwaka ukenda mzima
barua hakuituma
jirani wakamsema
taa bado mlangoni.

Mwaka wa pili na tatu
hakuna habari katu
mama hana hata kitu
taa bado mlangoni.

Wa nne akakumbuka
akapanda, akashuka
usiku alipofika
giza liko mlangoni.

Naam, ndivyo kilivyo kisa chetu. Ni beti tano tu. Kijana ameondoka, mama ametia taa mlangoni, miaka mitatu imepita, na anaporudi mwaka wa nne anakuta giza. Shairi halisemi kwa nini pana giza. Tutarudi hapo baadaye. Kwanza tuhesabu.

MIZANI: SIKIO NDILO RULA

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Tuukate mshororo wa kwanza: A-li-o-ndo-ka Ha-mi-si. Ni minane. Wa pili: a-su-bu-hi kwa we-pe-si. Minane tena. Ubeti mzima basi una mizani 32, na kisa chote, kutoka kuondoka kwa Hamisi hadi kurudi kwake, kimesimuliwa kwa mizani 160. Hebu jaribu kuandika habari hiyo kwa barua uone itakuchukua maneno mangapi.

Wanafunzi wengi huteleza mahali pawili. Kwanza, wanahesabu herufi badala ya sauti. Katika neno "aliondoka", sauti "ndo" ni mizani mmoja, usiikate vipande. Pili, wanaisahau ile "m" inayosimama peke yake. Sema "mlangoni" taratibu: m-la-ngo-ni. Umesikia? Hiyo "m" imejitegemea, nayo ni mizani kamili. Lakini katika neno "mwaka" haijitegemei, imeungana na "wa", basi neno hilo lina mizani miwili tu: mwa-ka. Ndiyo maana mshororo wa "Mwaka ukenda mzima" unatimia: mwa-ka u-ke-nda m-zi-ma. Hali kadhalika, "nne" ni n-ne, mizani miwili, na bila hivyo mshororo wa "Wa nne akakumbuka" ungepungua.

Ukitatizika, weka mkono mezani upige kofi dogo kwa kila sauti. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuifanya kazi hiyo, na huenda akakushinda.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya utenzi na baladi ya Kiingereza. Mwingereza hahesabu silabi zote, huhesabu mapigo ya mkazo. Katika baladi zao nyingi, mshororo wa kwanza na wa tatu ina mapigo manne, wa pili na wa nne ina matatu. Silabi zisizo na mkazo zaweza kuongezeka au kupungua, mradi mapigo yatimie. Kiswahili hakiendi hivyo. Mkazo wetu karibu kila mara huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na kila silabi hutamkwa wazi, ikapewa haki yake. Ndiyo maana mshairi wa Kiswahili huzihesabu zote, kama muuza duka ahesabuye sarafu. Mwanafunzi anayesoma ushairi wa lugha hizo mbili asichanganye mizani hiyo miwili.

Sasa swali lenyewe: kwa nini minane? Mshororo wa mizani minane hutamkika kwa pumzi moja bila kuchoka. Hauna nafasi ya maneno ya kupamba. Mtunzi analazimika kuchagua tendo na mtenda, basi. Ndipo kisa kinakwenda mbio. Angalia "akapanda, akashuka": safari nzima ya kutoka mjini hadi kijijini imeingia katika maneno mawili.

Ili mizani itimie, mtunzi hupewa ruhusa kidogo. Katika ubeti wa tatu tumesema "ukenda" badala ya "ukaenda". Kufupisha neno hivyo huitwa inkisari. Kinyume chake, kurefusha neno, huitwa mazida. Isitoshe, katika nathari tungesema "mwaka mzima ukaenda", lakini mtunzi ameyabadilisha maneno mahali ili "mzima" liende mwisho likatafute kina. Huko ndiko kuboronga sarufi. Haya ndiyo yanayoitwa uhuru wa mshairi. Lakini uhuru huo una mipaka. Anayefupisha kila neno huwa anatuonyesha uvivu wake.

VINA: SAUTI INAYONGOJEWA

Tuje kwenye vina. Katika ubeti wa kwanza tuna Hamisi, wepesi, basi: kina ni "si". Ubeti wa pili una "no", wa tatu "ma", wa nne "tu", wa tano "ka". Hivyo vyote vinabadilika. Kisichobadilika ni kina cha mshororo wa nne: mjini, mlangoni, mlangoni, mlangoni, mlangoni. Kina cha bahari ni "ni".

Kiswahili kinadai silabi nzima ifanane, konsonanti na irabu yake. "Tatu" na "kitu" ni vina kwa sababu vyote vinaishia kwa "tu". "Tatu" na "katu" vimeshikamana zaidi, maana hata irabu iliyotangulia ni moja. Lakini "tatu" na "mkuu" si vina, hata kama vyote vinaishia kwa "u". Mwanafunzi anayejaribu kutunga na akaridhika na irabu pekee atambue kwamba masikio ya wazee yatamcheka.

Sasa sikiliza kazi ya vina hivi. Mishororo mitatu inapogonga sauti ile ile, sikio linazoea. Si, si, si. Kisha mshororo wa nne unakuja na sauti nyingine, na sikio linazinduka. Kwa hiyo lile jambo zito la ubeti huwekwa hapo. Soma tena mishororo ya nne peke yake, kuanzia juu hadi chini: linalokwenda mjini, taa iko mlangoni, taa bado mlangoni, taa bado mlangoni, giza liko mlangoni. Umepata muhtasari wa kisa kizima, sivyo?

Tena angalia jambo jingine. Hiyo "ni" yetu ni kiambishi cha mahali. Kisa hiki kina mahali pawili, mjini na mlangoni. Mjini pametajwa mara moja tu, mlangoni mara nne. Hatuambiwi lolote kuhusu maisha ya Hamisi mjini, alipata kazi au alilala njaa, kwa sababu msimulizi amesimama na mama pale mlangoni. Na kuna neno moja ambalo kina hiki kinaliita kwa sauti kubwa, nalo ni "nyumbani". Sikio linalitazamia kila ubeti unapofika mwisho. Halitamkwi hata mara moja. Mlango upo, nyumbani hakufikiwi.

Mtahiniwa akiandika kwamba "kina cha bahari ni -ni" amesema kweli, naye atapata alama yake. Akiongeza kwamba kina hicho kinatufunga mlangoni pamoja na mama anayengoja, hapo amelisoma shairi.

TAKRIRI: KURUDIA KWA MAANA

Watoto wetu hufundishwa katika insha wasirudierudie maneno. Katika ushairi, kurudia ni ala ya kazi, nako huitwa takriri. Kunaweza kuwa kurudia sauti, kurudia neno, au kurudia mshororo mzima.

Tazama sauti kwanza. Kiambishi "ka" ndicho kisukumacho kisa chochote cha Kiswahili: akaenda, akafika, akasema. Katika utenzi wetu kimo: akapanda, ukenda, wakamsema, akakumbuka, akapanda tena, akashuka. Kila "ka" ni hatua. Lakini uangalie ubeti wa nne. Hamna "ka" hata moja, wala hamna kitenzi cha tendo. Kuna "hakuna" na "hana" tu. Kisa kimesimama kabisa. Miaka miwili imepita ndani ya ubeti usio na hatua yoyote, na msomaji anauhisi uzito wa kungoja hata kama hajui kwa nini.

Kisha neno "akapanda". Limetokea katika ubeti wa kwanza, Hamisi akienda, na katika wa tano, akirudi. Neno ni lile lile, safari ni kinyume. Marudio hayo yanafunga duara.

Sasa tuje kwenye mshororo wenyewe:

taa iko mlangoni
taa bado mlangoni
taa bado mlangoni
giza liko mlangoni

Kila badiliko limegharimu mizani miwili miwili. "Iko" limetoka, "bado" likaingia: mizani miwili kwa miwili. Neno hilo dogo linatuambia kwamba muda umepita na mama hajakata tamaa. Kisha "taa" imetoka, "giza" limeingia. Mizani miwili kwa miwili tena. Kwa kuwa mshororo umerudi mara tatu tukiuzoea, badiliko la mwisho linatupiga kama kofi. Lau mshororo huo ungetokea mara moja tu, tungeupita bila kushtuka.

Marudio ya namna hii, yenye badiliko dogo kila mara, ndiyo pia ufundi maarufu wa baladi za Waskoti na Waingereza. Hakuna aliyemwibia mwenziwe. Popote watu wanaposimulia kwa kuimba, wanagundua kwamba msikilizaji hushikwa na kile akijuacho, kisha huumizwa na kile kilichobadilika.

Basi kwa nini pana giza? Pengine mama amefariki. Pengine amehama. Pengine mafuta ya taa yameisha, maana ubeti wa nne umesema "mama hana hata kitu", na nyuma ya mlango ule amelala mama mzima wa afya ambaye Hamisi akibisha tu atamfungulia. Shairi halikutuambia. Lakini usikubali kila jibu. Anayesema mafuta yaliisha ana ushahidi ndani ya ubeti. Anayesema mama alimkasirikia Hamisi hana, kwani hamna neno hata moja la hasira ya mama. Majirani ndio waliosema. Hata hapo, "wakamsema" ni nani aliyesemwa, Hamisi au mama? Hiyo "m" moja inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Jadilianeni mezani.

KIBWAGIZO: MAMA APEWA KINYWA

Ushairi wa Kiswahili haukomei kwenye utenzi. Shairi lililozoeleka zaidi magazetini ni lile la mishororo minne mirefu, tarbia, ambalo kila mshororo wake una vipande viwili: ukwapi wa mizani minane na utao wa mizani minane. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi karibu mwaka wa 1840, anakumbukwa kwa kulifikisha shairi la namna hii mitaani na sokoni, akilitumia kwa siasa, mapenzi na kejeli. Tukisimulie kisa kile kile kwa umbo hilo:

Hamisi waenda mbali, safari iwe salama,
Nakuombea kwa kweli, upate kazi na wema,
Hata nikiwa silali, sitachoka, mimi mama:
Taa iko mlangoni, mwanangu rudi nyumbani.

Mwaka huu ni wa tatu, barua sijaiona,
Nyumbani hakuna kitu, nguvu nazo sina tena,
Wananicheka wenzetu, husema sina kijana:
Taa iko mlangoni, mwanangu rudi nyumbani.

Hesabu mwenyewe: minane na minane, 16 kwa kila mshororo. Vina vya kati katika ubeti wa kwanza ni "li" na vya mwisho "ma". Katika ubeti wa pili ni "tu" na "na". Kwa kuwa vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, shairi hili ni ukaraguni. Vingekuwa vile vile tangu mwanzo hadi mwisho, lingekuwa mtiririko.

Mshororo wa mwisho umerudiwa bila kubadilika hata herufi moja. Huo ni kibwagizo, wengine husema mkarara. Ungekuwa unabadilika kila ubeti, ungeitwa kiishio au kimalizio. Tafadhali, mwanafunzi, usivichanganye hivyo viwili.

Linganisha sasa. Katika utenzi, maneno yalibadilika kidogo na kisa kikasonga. Hapa maneno yamesimama imara na maana ndiyo iliyosonga. Katika ubeti wa kwanza, "Taa iko mlangoni" ni ahadi ya mama mwenye nguvu. Katika ubeti wa pili, maneno yale yale ni kilio cha mama aliyechoka. Vilevile, katika utenzi msimulizi alikuwa mtu wa kando na mama "hakusema neno". Hapa nafsineni ni mama mwenyewe, na lile neno "nyumbani" lililofichwa katika utenzi, mama amelitamka. Mtunzi anapochagua umbo, anachagua pia nani aseme na nani anyamaze.

VINA NA MINYORORO

Huenda ukauliza: yote haya yana faida gani kwa mtu anayetafuta karo na kodi ya nyumba? Sikiliza kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini. Inasimuliwa kwamba alipofungwa na mfalme wa Pate, mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini walinzi walikila kilicho kizuri. Liyongo akaimba. Katika wimbo wake alimwagiza Saada amwambie mama aoke mkate wa wishwa na atie tupa ndani yake. Walinzi waliusikia wimbo, wakaona ni wimbo tu. Mkate wa wishwa ulipofika, wakaudharau wakamtupia mfungwa. Kisha yakaandaliwa matwazi na siwa, watu wakapiga gungu, na katikati ya kelele hizo Liyongo akaikata minyororo kwa tupa.

Ujumbe uliofungwa kwa mizani na vina haupotei njiani. Saada hakuandika kitu. Aliubeba kichwani. Neno likidondoka, mizani inapungua na sikio linajua. Ndiyo sababu tenzi za mamia ya beti ziliweza kukaririwa na watu wasiokuwa na kitabu mkononi.

Na usidhani hayo ni ya kale tu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka wa 1969 kwa sababu ya kijitabu alichokiandika, "Kenya: Twendapi?" Akiwa jela alitunga mashairi kwa siri na kuyaandika kwenye karatasi za msalani. Alitoka mwaka wa 1972, na mwaka uliofuata mashairi hayo yakatoka kwa jina Sauti ya Dhiki. Si mashairi ya ovyo ovyo. Yamefuata mizani na vina kwa ukamilifu. Hebu fikiri: mtu amenyimwa kila kitu, naye angali anahesabu nane kwa nane.

Wako washairi waliozikataa sheria hizi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka wa 1974, mabishano yalikuwa makali, hasa kwa waliolelewa na Sheria za Kutunga Mashairi za Kaluta Amri Abedi za mwaka wa 1954. Mashairi huru nayo yana takriri yake na mapigo yake, na leo yanasomwa shuleni bega kwa bega na yale ya arudhi. Hata hivyo, anayetaka kuvunja ukuta ni vyema ajue kwanza umejengwaje.

JINSI YA KUJIBU MTIHANI

Mwanafunzi, ukiletewa shairi, usikimbilie maswali. Lisome mara mbili, mara ya pili ukisogeza midomo. Jiulize nani anasema, anamwambia nani, na nini kimetokea. Kisha hesabu mizani ya mshororo mmoja, na ukague mingine miwili uone kama inalingana. Andika vina pembeni. Tia mstari chini ya kila kinachorudiwa.

Ukiulizwa umbo, taja idadi ya beti, mishororo katika kila ubeti, vipande, mizani, vina na kibwagizo au kiishio, na utaje ni wa ubeti upi unaotolea mfano. Ukiulizwa uhuru wa mshairi, taja aina, toa mfano kutoka kwenye shairi, na uonyeshe sababu, ama ni mizani ama ni vina. Ukiulizwa uandike ubeti kwa lugha ya nathari, usirudishe vina, andika sentensi zilizonyooka: "Mwaka mzima ulipita bila yeye kutuma barua. Majirani walisengenya, lakini taa ilikuwa ingali mlangoni." Na kila unapotaja takriri, ongeza sentensi moja inayoanza "imetumiwa ili..." Sentensi hiyo moja ndiyo humtenga anayejua na aliyekariri.

KAZI YA JUMAPILI

Mzazi, kazi yako ni nyepesi. Leo baada ya chakula, zima televisheni kwa nusu saa. Kila mmoja atunge ubeti mmoja wa sita wa kisa cha Hamisi. Mishororo mitatu iwe na kina atakachochagua mwenyewe, wa nne uishie kwa "ni", yote iwe ya mizani minane. Je, Hamisi alibisha? Nani alifungua? Mdogo apige makofi ya kuhesabu, mkubwa awe hakimu wa vina, na bibi au babu akiwepo apewe neno la mwisho.

Mtaona mtoto akihangaika kutafuta neno moja tu la mizani mitatu linaloishia kwa "ma", na hapo atakuwa anajifunza lugha kuliko kwa mazoezi kumi ya sarufi. Mcheza kwao hutunzwa. Na mkipata ubeti mzuri, uandikeni nyuma ya kalenda ya ukutani, mahali ambapo kila mtu atauona.